Hedifoni Tatu na Kaseti ya Mama

Nyuma ya daftari langu la kemia kuna kurasa nne ambazo mwalimu hajawahi kuziona. Nimezigawa kwa rula safu tatu: za sponji, za mnadani, za mpira. Ni hedifoni. Chini ya kila moja nimeandika ninachosikia, kwa kaseti ileile, upande uleule, kuanzia mama anaposema "haloo" mpaka mkanda unapokwisha. Mtu akiliokota atadhani nataka kufungua duka la redio. Kumbe nilikuwa natafuta kitu kimoja tu: kati ya baba na bibi, nani mwongo.

Mama alifariki nikiwa darasa la nne. Tulikuwa tunakaa Mitundu kwa bibi, mama yake mzazi. Baba alikuwa mtu wa reli, kwenye genge la kutengeneza njia, huko mbele ya Tabora. Simu kwetu haikuwepo, na mama kuandika alikuwa mvivu, kwa hiyo wakawa wanatumiana kaseti. Mama anarekodi upande mmoja, kaseti inafungwa kwenye kitambaa, inapanda lori mpaka Itigi, pale anapewa mtu wa treni anayefahamiana na baba. Wiki mbili tatu inarudi, na upande wa pili yuko baba, anasalimia kama anahutubia mkutano.

Kaseti ya mwisho haikurudi. Vilirudi viatu vyangu. Vyeusi, vya kufunga kwa bakoli, kile kichuma cha mkanda, kama nilivyoomba. Siku kumi baadaye mama akafa. Baba alifika tumeshazika.

Pale msibani, watu wamejaa uani, bibi akamuuliza mbele ya wote: "Mwanangu alikuambia anaumwa kifua. Nilikuwa nimekaa hapa nabangua karanga, nimesikia kwa masikio yangu. Wewe ukatuma viatu?"

Baba akasema, "Mama, hakuniambia. Kaseti ninayo."

Akaitoa mfukoni mwa koti. Kuna mjomba akaleta redio, wakaiweka pale. Sauti ya mama ikatoka, inacheka, inasema haloo baba nanihii, sisi huku wazima kabisa. Wanawake wakapiga ukelele, mmoja akaanguka. Lakini haikuzimwa mpaka ilipofika mwisho, kwa sababu wajomba walitaka kusikia. Wazima kabisa. Mbuzi amezaa. Mvua imechelewa. Kisha mimi, kisauti chembamba, naomba viatu. Hakuna kifua.

Bibi akasema neno moja: "Umefuta."

Tangu siku hiyo baba akimwamkia shikamoo, bibi haitikii. Kwa asiye wa kwetu labda hilo ni dogo. Mkubwa akikunyima marahaba amekuondoa kwenye hesabu ya watu. Na yeye ni mkwe. Hata kabla ya ugomvi hawakuwa watu wa kukaribiana, maana mama mkwe na mkwe wa kiume hawaketi mkeka mmoja wala hawapeani mikono. Kilichokuwa kinawaunganisha ni ile salamu tu ya mbali. Ikakatwa.

Baadaye reli ikapunguza watu, baba akiwemo. Akarudi akajenga pembezoni mwa Itigi, akawa analima alizeti na kuning'iniza mizinga porini. Nilipochaguliwa kidato cha kwanza nikahamia kwake. Ndipo nikajua Jumapili zake zilivyo. Akitoka kanisani anavua koti, anatoa kaseti kwenye kopo la maziwa, anaiweka kwenye redio kubwa dirishani, anakaa chini ya upenu. Mama anaposema wazima kabisa, baba ananigeukia.

"Si unasikia mwenyewe? Mzima."

"Ndiyo, baba."

"Kuna mtu amefuta hapo?"

"Hapana, baba."

Nimeitikia hivyo Jumapili nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Na kila nilipoitikia niliona kama kuna mtu nyuma yangu ndani ya nyumba, amesimama mlangoni, anangoja nimalize.

Mimi si msemaji. Darasani wananiita Bubu. Mwenzangu mmoja tu ndiye anayeniita hivyo kwa upendo, binti wa fundi redio mwenye kibanda karibu na stesheni. Yeye anaongea kwa ajili yetu wote wawili. Siku moja kidato cha tatu alikuja shuleni na wokimani, redio kaseti ndogo ya kuning'iniza kiunoni, mteja ameitelekeza kwa baba yake mwaka mzima. Ilikuwa na hedifoni zake, zile za waya wa kichwani na sponji nyeusi. Tukakaa nyuma ya maabara.

"Sikiliza besi hiyo," akasema.

Nikasikiliza. Sikuona besi wala nini. Nilichoona ni kwamba muziki ulikuwa umehama kutoka nje na kuja katikati ya kichwa changu, na hapohapo nikafikiria kaseti ya mama. Hiyo kaseti sikuwahi kuisikia ila kwa redio ile ya dirishani, upepo wa Itigi ukivuma na mashine ya kusaga ikinguruma ng'ambo ya barabara.

"Naomba uniazime," nikasema.

"Heh! Bubu kasema! Subiri niandike ukutani."

Aliniazima. Jumatatu, baba akiwa shamba, nikatoa kaseti kwenye kopo. Nilikuwa kama naiba sadaka. Nikakaa kitandani nikavaa zile za sponji. Mama akasema haloo. Sitaandika nilivyolia, si kazi ya daftari hili. Baada ya kulia nilianza kusikia vitu. Kuku. Jogoo wa bibi yule aliyekuwa anawika saa sita mchana. Kitu kama tsss kisichokoma. Nikaandika: *Za sponji: sauti ya mama nene, kama yuko ndani ya pipa. Mashine ya kusaga inasikika kupita kwenye sponji. Kuku wapo.*

Rafiki yangu alipoona maandishi alicheka mpaka akapaliwa. Lakini ni mtoto wa fundi, alilichukulia kama mashindano. Mnadani akanichagulia hedifoni za Kichina, vidude vyeupe vya kukaa mlangoni mwa sikio.

"Hizi zinalia kama mbu," nikamwambia kesho yake.

"Zina treble hizo, mshamba we. Hujazoea."

"Masikio yanauma. Na upande mmoja umekufa."

"Upande mmoja unakutosha, kwani una akili mbili?"

Nikaandika: *Za mnadani: nyembamba, herufi s inachoma. Mama anasikika yuko karibu lakini ni mdogo, kama mtoto. Kuku wamepotea. Baada ya mbuzi na mvua, pale pa viatu, mkwaruzo.*

Huo mkwaruzo ndio ulionitoa usingizi. Kwa sponji sikuwa nimeusikia. Nikarudi kwa sponji: haupo. Nikarudi kwa za mnadani: upo. Kama kucha juu ya kitambaa. Unaanza pale sauti yangu ya utoto inaposema "Baba, mimi nataka viatu," na unaendelea chini ya maneno yangu mpaka neno langu la mwisho, bakoli. Kila kaseti inapopigwa huwa inalika kidogo, fundi alishatuambia, na mimi nilikuwa naila ya mama. Nilijua. Nikaendelea.

"Kuna hedifoni moja ya baba," rafiki yangu akasema baada ya siku kadhaa. "Ya kupimia. Ina mpira unaingia ndani kabisa ya sikio, unaziba. Ukivaa hata treni ikikupitia hujui. Lakini ukiipoteza, mimi na wewe tutahamia msitu wa Mgori tukaishi na nyani."

Aliileta imefungwa kwenye leso. Waya wake ni mfupi, umeungwa kwa utepe sehemu mbili, na vile vimpira ni vya kijivu, vimetumika sana. Nikavibinyabinya kama alivyonionyesha, nikaingiza. Dunia ikazimwa. Nikabaki na mapigo ya moyo wangu na kumeza mate kwangu. Ilikuwa mchana, jua kali dirishani, lakini nilihisi nimeteremshwa mahali.

Nikabonyeza.

Mama alikuwa pale. Hakuwa ndani ya pipa wala hakuwa mdogo. Nilisikia ulimi wake ukiachana na meno. Nilisikia akivuta pumzi kabla ya kila sentensi, na mwishoni mwa pumzi kuna kitu kinafanya kri, kri, kama mlango wa kuku. Mbali nilisikia karanga zikidondoka kwenye sinia. Bibi! Alikuwepo kweli, anabangua.

Kisha ikaja zamu yangu. "Baba, mimi nataka viatu vyeusi." Na chini ya sauti yangu, mbali, kama mtu anaongea chini ya ardhi, kuna mwanamke anakohoa.

Nilivua nikavitupa kitandani. Nikatoka mpaka uani nikasimama juani. Nilipoingia tena nilivaa nikiwa nimesimama, mlango wazi. Alikuwa bado yupo. Anakohoa, ananyamaza, anasema. Nilikamata vipande: kifua. Damu kidogo. Kama unaweza, njoo. Ni sauti ya mama, na wakati huohuo mama mwingine, yule wa juu, anacheka kidogo kusikia mtoto anavyoomba viatu. Mama wawili kwenye mkanda mmoja, na mmoja hajui mwenzake yuko chini yake.

Nikaandika safu ya tatu. Mwandiko wake hausomeki vizuri.

Rafiki yangu nilimvisha nyuma ya maabara bila kumwambia kitu. Alianza na utani, "We Bubu, umenasa stesheni gani," halafu akanyamaza, na huyo hanyamazi. Akavua taratibu. Akasema twende kwa baba.

Fundi hakuuliza mengi. Alisikiliza huku ameshika pasi ya kulehemu mkono wa pili, akaniuliza kaseti ilirekodiwa kwa mashine gani. Nikasema redio kaseti ndogo ya bibi, ya betri.

"Hizo hazifuti, binti. Zinafunika. Betri zikichoka ndiyo kabisa. Ni kama kupaka chokaa kwenye ukuta wa jikoni. Ukipaka mkono mmoja, masizi yanachungulia." Akanirudishia vyote, hata hedifoni yake akaniachia kwa muda. "Aliyerekodi alirekodi, halafu akarudisha nyuma, akarekodi tena juu yake. Spika haiwezi kukupa hiyo. Imechukuliwa na kelele."

"Ni lini alirekodi tena?" rafiki yangu akauliza. "Inaweza kuwa baadaye? Na mtu mwingine?"

"Atakuwaje mtu mwingine, na sauti ya juu ni ya mama huyohuyo? Ni siku hiyohiyo."

Basi baba hakufuta. Na bibi hakusema uongo. Nilitakiwa kufurahi. Nilitembea kurudi nyumbani kwa njia ya relini, na katikati ya taruma na taruma nikakumbuka. Au sijui kama ni kukumbuka. Labda nilikuwa najua siku zote, nimekiweka mahali na kukalia mfuniko.

Mimi ndiye niliyekuwa nabonyeza. Kila kaseti, mama anaongea na mimi nashika vitufe, na kazi hiyo nilikuwa na kiburi nayo. Nilitaka kaseti zetu ziwe safi kama za redioni. Jogoo akiwika vibaya narudisha. Mtoto wa jirani akilia narudisha. Mama alikuwa akiniita Bwana Mitambo, msichana mimi. Siku ile aliongea vizuri, wazima kabisa, mbuzi, mvua, na alipofika pale akasema kwamba ila yeye mwenyewe kifua, na kikohozi kikamshika. Kikawa kirefu. Akajitahidi akamaliza maneno yake. Bibi akasikia, akainuka na sinia lake akaenda kutwanga kwa jirani, ameridhika kwamba mkwe ameambiwa. Na mimi nikabonyeza nikasema:

"Mama umeharibu! Umekohoa mpaka mwisho! Turudie."

Akacheka. "Haya, Bwana Mitambo. Rudisha."

Nikarudisha kidogo, nikabonyeza, akaanza upya kwenye mvua. Alipofika palepale, akaniangalia. Nakumbuka macho. Nikamnyooshea kidole, hivi, kama mwalimu anayemwonya mtoto asicheke. Na yeye akalivuka la kifua. Akasema, "Na huyu hapa ana lake la kusema," akanisogezea redio. Nikaomba viatu.

Huko kwetu mtu hawezi kuanza na baya. Ukiulizwa habari unasema nzuri, hata kama maiti iko ndani; kwanza nzuri, kisha ndiyo linakuja la ugonjwa. Baba analijua hilo kama sisi wote. Wakati anasikiliza kule gengeni lazima alingoja, baada ya wazima kabisa, baada ya mbuzi na mvua, lije lile la pili. Alingoja, akasikia viatu. Akaenda dukani.

Nilikaa na jambo hili wiki sita. Nilifikiria kuitupa kaseti chooni. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli. Nilisimama hata mlangoni pa choo nikiwa nayo. Jumapili zikaendelea. "Si unasikia mwenyewe?" Sasa nilisikia hata kwa redio ya dirishani, hata ikiwa imezimwa. Nilikuwa nakula, nasikia kri, kri. Nikijibu swali darasani nilisikia mtu anakohoa chini ya sauti yangu, basi nikaacha kujibu.

Likizo ya Juni bibi akaja Itigi kutazamwa macho. Alifikia kwa ndugu yake, na siku ya tatu akaja kuniona. Hakuingia ndani. Alitandika kanga kando ya uzio wa minyaa, akakaa ameipa nyumba mgongo. Baba akatokea shambani, jembe begani. Akasimama mbali, akaweka jembe chini kwa heshima.

"Shikamoo, mama."

Mashine ya kusaga ikanguruma. Bibi akachuma jani la kitu fulani, akalitazama.

Nikaingia ndani. Sijui miguu iliamua lini. Nikatoka na wokimani na ile ya mpira, nikapiga magoti mbele ya bibi.

"Bibi, naomba usikilize."

"Dudu gani hilo unataka kunitia sikioni? Masikio yangu mazima, mabovu ni macho."

"Ni mama."

Akaniachia. Nikamvisha upande wa kushoto tu, nikabonyeza. Uso wake ukafunguka, akatabasamu akitazama mahali patupu. Ilipofika kwenye viatu nikaongeza sauti mpaka mwisho. Nikaona tabasamu likisimama, kisha likitoka.

"Huyo," akasema, na kwa kuwa sikio limezibwa alipiga kelele bila kujua, "HUYO ANAKOHOA! Nilisema! Sikusema mimi?"

Baba akaja hatua mbili akakwama, kwa kuwa ni mkwe. Ilibidi mimi niwe njia. Nikapeleka wokimani kwake, hatua kama kumi na mbili, na nikampa upande wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umetoka sikioni mwa mama mkwe wake, haukumfaa. Alijua kwa nini, akaupokea wa kulia kwa mikono miwili.

Alisikiliza amesimama. Akarudisha mwenyewe. Akasikiliza tena. Mara ya tatu akakaa chini kwenye vumbi, mtu mzima, na suruali ya shamba. Alipovua hakumwangalia bibi.

"Nani alirudia?"

Nikapiga magoti mbele yake. 

"Ni mimi, baba. Nilitaka kaseti iwe safi."

Upepo ulikuwa unapeperusha kanga ya bibi. Yeye bila kugeuka, akiutazama uzio, akasema, "Alikuwa mtoto." Hakumtaja aliyekuwa anaambiwa, lakini aliyekuwepo kuambiwa ni mmoja.

Baba akainuka, akajipangusa, akarudi palepale alipokuwa amesimama mwanzo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," bibi akasema. Sauti ilikuwa na kutu. "Marahaba, baba."

Baba akazungusha waya wa hedifoni kwenye vidole vyake viwili, taratibu, akanikabidhi bila kuniangalia, akabeba jembe akarudi alikotoka.

Hedifoni nimeirudisha kwa fundi. Kaseti imerudi kwenye kopo, na Jumapili bado inapigwa dirishani, lakini baba hanigeukii tena kwenye wazima kabisa. Ananyamaza mpaka inafika kwenye sauti yangu, pale pa viatu, na hapo anainamisha kichwa kuelekea redio, kana kwamba akisogea kidogo ataisikia ile ya mama iliyo chini yake. Haisikiki. Nimeipima. Nimeongeza safu ya nne kwenye daftari: *Spika ya dirishani: hakuna kitu chini.*

Bibi alisema nilikuwa mtoto. Baba hajasema. Kila Jumapili mkanda unapokwisha namtazama mdomo.